Mwenye Mpira na Wanaomwinda

Kila Februari, usiku mmoja wa kuamkia Jumatatu, taa ya kibanda kimoja cha video hapa Kabazi huwa haizimwi. Kwa Wamarekani wakati huo ni Jumapili jioni. Kwetu ni saa nane na nusu ya usiku, saa ambayo hata mbwa wa senta wamechoka kubweka na wakamuaji wa ng'ombe bado hawajaamka. Vijana hujifunika makoti wakatazama Super Bowl, fainali ya mpira wa Marekani, halafu asubuhi wananijia na macho mekundu kuniuliza maana ya walichokiona.

Huniuliza mimi kwa sababu nimefundisha michezo miaka mingi, na kwa sababu ujanani nilivaa jezi namba kumi ya raga mjini Nakuru. Ile helmeti yao sijawahi kuivaa. Lakini mchezo wenyewe nimeufuatilia kwa zaidi ya miaka ishirini, na maswali ninayoletewa huyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Karibu yote yanamhusu mtu mmoja, yule anayesimama nyuma ya ukuta wa majitu akingoja mpira. Wenyewe humwita kwotabeki. Haya hapa baadhi yake, pamoja na majibu niliyotoa, na mengine yaliyonijia nikiwa nimekwisha kuagana na muulizaji.

Mwalimu, huyo kwotabeki kazi yake hasa ni ipi? Mbona kamera haimwachi?

Twende taratibu. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi kumi, kama mita tisa hivi. Ikifaulu hupewa nne nyingine, ikishindwa inaachia mpira. Kila nafasi huanza vilevile: mtu wa katikati anainama, anaurudisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kwotabeki anaupokea. Hapo ana sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika. Anaweza kumkabidhi mkimbiaji. Anaweza kuurusha mbele kwa mwenzake anayekata mbio. Anaweza kukimbia nao mwenyewe, kama hazionei huruma mbavu zake. Na wakati huo wote kuna wanaume wanne, watano, kila mmoja na kilo zake mia na ushei, ambao kazi waliyoajiriwa ni kumfikia kabla hajaamua.

Mtu wa raga akiona mpira unarushwa mbele hushika kichwa, maana kwetu hilo ni kosa. Wamarekani nao walikuwa na sheria hiyo hiyo hadi 1906. Mwaka uliotangulia vijana kadhaa walikufa viwanjani kwa kugongana kama mafahali, Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton, na katika mageuzi yaliyofuata pasi ya mbele ikahalalishwa ili watu watawanyike uwanjani. Kwotabeki tunayemjua leo alizaliwa siku hiyo. Kabla ya hapo alikuwa mpokezi tu, anapokea huku anapeleka kule.

Sasa sikiliza jambo ambalo runinga haikuonyeshi. Ndani ya helmeti yake kuna redio, na kocha humwambia kupitia hiyo ni mpango gani wacheze. Kuna saa ya sekunde 40 ya kuanza mchezo. Zikibaki 15, redio inakatwa. Kuanzia hapo hakuna kocha wala mwenye timu. Wewe unayepanda matatu za Nyahururu nadhani unanielewa: mwenye gari anaweza kumpigia dereva simu kumi wakiwa bado Nakuru, lakini wakiuanza mteremko wa Subukia na ukungu umeshuka, kwenye kona ile ni dereva na usukani.

Nimesoma kwamba Tom Brady alikuwa mzito wa miguu. Mtu asiyejua kukimbia anakuwaje nyota wa mchezo wa mbio?

Aliyeuliza hili ni mkimbiaji wa mita 800, kwa hiyo niliona uchungu wake. Ni kweli kabisa. Mwaka 2000, walipopimwa wachezaji waliokuwa wakitoka vyuoni, Brady alikimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kwa sekunde 5.28. Hapa Kabazi kuna wasichana wa kidato cha pili ambao wangemwacha, na wengine wangemwacha wakiwa na mtungi wa maziwa mgongoni.

Siku ya uteuzi, timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua vijana zamu kwa zamu. Brady alikaa akingoja hadi wenzake 198 wakaitwa, sita kati yao wakiwa makwotabeki, ndipo New England Patriots wakamchukua akiwa wa 199. Na walipomchukua wakamweka wa nne kwenye foleni. Kwotabeki wa nne, kijana wangu, ni kama tairi la akiba la tairi la akiba.

Kisha ikaja tarehe 23 Septemba 2001. Kwotabeki mkuu, Drew Bledsoe, alikimbia kuelekea ukingo wa uwanja, akagongwa na Mo Lewis wa New York Jets kiasi cha kuvuja damu ndani ya mwili. Brady akaingia. Nafasi ya kwotabeki mkuu ikawa yake. Februari 2002, akiwa na miaka 24, alijikuta kwenye fainali dhidi ya St. Louis Rams, timu iliyodhaniwa ingewasaga. Mambo yakawa 17 kwa 17, zimebaki sekunde 81, Patriots hawana hata nafasi moja ya kusimamisha saa. John Madden, kocha mstaafu aliyekuwa akitangaza kwenye runinga, akasema wazi kwamba busara ni kuushikilia mpira na kungoja muda wa nyongeza. Brady akatoa pasi fupi, pasi fupi, nyingine tena, hadi mpiga teke Adam Vinatieri akafunga kutoka yadi 48 saa ikiisha. 20 kwa 17.

Ukitafuta siri yake, itafute katika pasi hizo fupi. Hakuna iliyokuwa ya ajabu. Mpira ulikuwa unatoka mkononi mwake kabla wawindaji hawajafika, kwa sababu alikwisha kujua utakwenda wapi tangu hajaupokea. Alikuwa anautazama ukuta wa wapinzani jinsi mzee wa hapa anavyoyatazama mawingu juu ya Menengai: si kwamba anabashiri, ameyaona mara nyingi.

Aliendelea hivyo misimu 23. Mataji saba, sita na Patriots na la saba na Tampa Bay Februari 2021, akiwa na miaka 43. Pasi za mabao 649 katika msimu wa kawaida. Fainali ya 2017 timu yake ilikuwa nyuma 28 kwa 3 mbele ya Atlanta, wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Alistaafu Februari 2022, akarudi baada ya majuma sita, akastaafu tena Februari 2023. Kuna hesabu nyingine ambayo mashabiki wake hawaichapishi kwenye fulana: aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 565. Hiyo ndiyo inayonifundisha zaidi. Mtu ameangushwa mara 565 na bado siku inayofuata anasimama pale pale na kutazama mbele badala ya kuwatazama wanaomjia. Jaribu kusimama barabarani lori la viazi likija, uniambie macho yako yalikwenda wapi.

Je, ni kweli alitoa upepo kwenye mipira?

Mechi ya nusu fainali ya Januari 2015, Patriots dhidi ya Indianapolis Colts. Wageni walilalamika kwamba mipira ya wenyeji ilikuwa laini, na mpira laini hushikika vizuri, hasa kwenye mvua. Uchunguzi wa ligi ukasema kuna uwezekano mkubwa kwamba Brady alijua. Yeye akakana. Baada ya kesi zilizopanda na kushuka mahakamani alifungiwa mechi nne mwanzoni mwa msimu wa 2016, na mwisho wa msimu huo huo ndio akashinda ile fainali ya 28 kwa 3. Matokeo ya mechi iliyolalamikiwa yalikuwa 45 kwa 7, kwa hiyo sidhani upepo peke yake uliwaponza Colts. Lakini mimi ni mwalimu, na mwanafunzi akinijibu "sijui nani alifanya, ila ilinisaidia," nami nina mtazamo wangu.

Katika huo mchezo wote hakuna mtu wetu wa Afrika Mashariki aliyewahi kumfikia Brady?

Yupo, na alikutana naye fainalini. Huku kwetu jina kubwa halipo upande wa anayerusha, lipo upande wa wanaomwinda.

Anaitwa Mathias Kiwanuka. Wazee watashtuka wakilisikia jina hilo, na wana haki. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka wa chama cha Democratic Party, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeshika wadhifa huo mapema 1962 kabla Milton Obote hajamshinda kwenye uchaguzi wa Aprili. Idi Amin alimteua Jaji Mkuu mwaka 1971. Tarehe 21 Septemba 1972 askari waliingia Mahakama Kuu pale Kampala, wakamtoa ofisini mwake mchana kweupe, akauawa.

Mjukuu akazaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983. Akakua jitu la karibu mita mbili, akasoma chuo cha Boston College, na huko akaweka rekodi ya chuo ya kuwaangusha makwotabeki: mara 37 na nusu. (Nusu hupatikana mkimwangusha wawili, mnagawana.) Mwaka 2006 New York Giants wakamchagua katika raundi ya kwanza, akiwa wa 32.

Mashabiki wengi wa New York wanamkumbuka kwa kosa la mwaka wake wa kwanza, nami nalipenda kosa hilo kuliko ushindi wa wengine. Ilikuwa 26 Novemba 2006, mjini Nashville. Giants walikuwa wameongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho, uongozi ukaanza kuyeyuka. Nafasi ya nne, yadi kumi zinahitajika, wapinzani wakishindwa mchezo umekwisha. Kiwanuka akamfikia kwotabeki kijana wa Tennessee, Vince Young, akamkumbatia kiunoni. Kisha akamwachia. Alidhani mpira umekwisha kurushwa, na ukimwangusha kwotabeki aliyekwisha kurusha timu yako inaadhibiwa. Mpira ulikuwa bado mkononi. Young akaponyoka, akakimbia yadi 19, Tennessee wakasawazisha, wakashinda 24 kwa 21.

Kila nikifundisha watoto kukaba nawasimulia hadithi hiyo, na kila mara kuna mmoja anayesema, "Mwalimu, si angemwangusha tu?" Ndiyo, angemwangusha tu. Lakini tazama hapo ukuu wa kwotabeki. Ligi nzima imejenga sheria za kumlinda, kiasi kwamba kijana wa kilo 120 aliye na ushindi mikononi anaogopa kufumba vidole.

Mwaka uliofuata Kiwanuka alivunjika mguu Novemba, kwa hiyo fainali ya Februari 2008 aliitazama akiwa nje. Patriots wa Brady walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Wenzake Kiwanuka wakamwangusha Brady mara tano usiku ule, wakashinda 17 kwa 14. Mwaka 2010 akaumia shingo, jeraha ambalo lilitishia kumstaafisha. Akarudi. Na fainali ya tarehe 5 Februari 2012 ikawakutanisha tena Giants na Patriots, safari hii katika uwanja wa Indianapolis, mjini alikozaliwa na kulelewa.

Pointi za kwanza za mechi ile si bao. Brady alikuwa ndani ya eneo lake la mwisho, wawindaji wakamkaribia, akautupa mpira mbali mahali pasipo na mtu ili tu asiangushwe. Mwamuzi akasema hilo ni kosa, Giants wakapata pointi mbili. Hebu fikiria: mtu aliyeangushwa mamia ya mara, kwa mara hii moja alikimbilia kutupa. Giants wakashinda 21 kwa 17. Kwotabeki wao, Eli Manning, ndiye aliyepewa gari na tuzo ya mchezaji bora, kama ilivyokuwa 2008. Wawindaji walipata pete kama kila mtu, wakarudi nyumbani.

Na yule Mkenya wa raga, Adongo? Tuliambiwa yeye ndiye angetufungulia mlango.

Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga, mrefu, mwenye nguvu na mbio kuliko umbo lake, na alikuwa amecheza Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili, ingawa alikuwa hajawahi kucheza mpira wa Marekani hata mechi ya shuleni. Akafundishwa kazi ile ile ya kumwinda kwotabeki. Desemba mwaka huo akaingia uwanjani katika mechi ya ligi, na Nakuru nzima tukajifanya tulikuwa tukiijua Colts tangu utoto. Zaidi alitumika kwenye zile zamu za mateke, wakati timu zinapobadilishana mpira. Kisha yakaja majeraha, na 2015 akaachwa.

Watu wananiuliza kama alishindwa. Swali lenyewe silipendi. Mtu aliyejifunza lugha akiwa na miaka 23 akaweza kuhojiwa nayo mahakamani, utasema alishindwa kwa kuwa hakuwa wakili?

Lakini ukitaka kujua maisha ya kwotabeki nyota yakoje kwa ndani, mtazame mtu aliyekuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Adongo. Andrew Luck, aliyezaliwa 1989 kama Adongo, alichaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa 2012. Colts walimhitaji kwa sababu nyota wao wa miaka mingi, Peyton Manning, ndugu yake Eli, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo. Luck alisomea usanifu wa majengo chuo cha Stanford, alipenda vitabu, na alikuwa na tabia iliyowachanganya wapinzani: ukimwangusha vizuri, anakupongeza. Akiwa chali kwenye nyasi, anasema umenigonga vizuri, kaka. Wawindaji walikiri kwamba hawakujua wajibu nini.

Januari 2014 timu yake ilikuwa nyuma 38 kwa 10 mbele ya Kansas City. Katikati ya kuwafukuzia, mwenzake akaangusha mpira, ukadunda, ukamwangukia Luck, naye akajirusha nao hadi mstari wa bao. Wakashinda 45 kwa 44. Kijana yule alikuwa na kila kitu ila ukuta. Colts walikawia mno kumpatia watu wa kumkinga. Mbavu zikaumia, figo likachanika mwaka 2015, bega likamfanya akose msimu wote wa 2017. Katikati ya hayo, mwaka 2016, alipewa mkataba unaoweza kufika dola milioni 140. Na tarehe 24 Agosti 2019, akiwa na miaka 29, akatangaza kwamba ameacha. Habari zilivuja mechi ya maandalizi ikiendelea. Alipokuwa akitoka uwanjani, baadhi ya mashabiki wake mwenyewe wakamzomea.

Ninapowalinganisha Luck na Brady sioni tofauti kubwa ya kipaji. Huenda Luck alikuwa na zaidi. Tofauti niionayo ni wale watano waliosimama mbele yao na nusu sekunde waliyowaongezea, au kuwanyima.

Zamani makwotabeki walikuwa weupe tu. Ni kwa nini?

Kwa sababu kwa miaka mingi waliokuwa wakichagua waliamini kwamba nafasi hiyo ni ya akili, na akili walijua rangi yake. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni akifika NFL aliambiwa acheze nafasi ya kukimbia. Warren Moon alikataa, akaenda Kanada mwaka 1978, akacheza misimu sita na kutwaa ubingwa mara tano mfululizo kabla Houston hawajamfungulia mlango. Doug Williams wa Washington akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, Januari 1988: alirusha mabao manne katika robo moja tu, 42 kwa 10 dhidi ya Denver. Ikachukua hadi Februari 2023 kuona fainali yenye makwotabeki weusi pande zote mbili, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Mlioitazama kibandani mtakumbuka Mahomes akichechemea kwa kifundo cha mguu, na bado akashinda.

Mimi ni mama wa kijana anayelala na huo mpira. Ninasikia unaharibu ubongo. Niambie ukweli, Mwalimu.

Mama, ukweli ni kwamba hatari ipo, na si ya kufichwa. Aliyeifumbua ni Mwafrika mwenzetu, Dkt. Bennet Omalu kutoka Nigeria, mtaalamu wa kupasua maiti aliyefanya kazi Pittsburgh. Mwaka 2002 aliletewa mwili wa Mike Webster, aliyekuwa mtu wa katikati, yule anayeinama na kumpa kwotabeki mpira. Webster alikufa akiwa na miaka 50 na akili zimevurugika. Omalu alichunguza ubongo wake akakuta madhara yanayotokana na kugongwa kichwa tena na tena. Ligi ilimpinga kwa miaka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wachezaji 111 wa NFL waliofariki, wakakuta ugonjwa huo kwa 110. Ni haki kuongeza kwamba familia nyingi zilitoa ubongo huo kwa sababu zilikwisha kuona dalili, kwa hiyo si kwamba kila mchezaji ataugua. Lakini 110 si idadi ya kupuuza.

Kijana wako anachocheza pale uwanjani ni kurusha na kudaka, hakuna anayemgonga. Mwache. Siku atakapokuja na helmeti, niite.

Mwalimu, mimi ni namba kumi wa timu ya shule, niko kidato cha tatu. Ninaweza kuwa kwotabeki Marekani?

Huyu alikuja peke yake, jioni, baada ya wenzake kuondoka, kwa hiyo nilijua ameshalifikiria.

Nikamwambia hivi. Namba kumi wa raga ndiye ndugu wa karibu wa kwotabeki. Anapokea mpira wapinzani wakimkimbilia, anaamua apige teke, apasi au apenye. Wewe unayo hayo. Lakini kwotabeki wa Marekani huanza akiwa na miaka minane, tisa. Akifika umri wako amekwisha kuona kuta za wapinzani maelfu, na hayo ndiyo mawingu niliyokueleza. Wanamichezo walioingia NFL wakitokea raga hawakupewa kurusha. Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga ya wachezaji 13, alichaguliwa na Philadelphia mwaka 2018 akiwa wa 233, wakati huo akiwa bado hajacheza hata mechi moja ya mchezo ule. Leo anasimama upande wa kushoto wa kwotabeki wake kama lango la boma, na Februari 2025 walitwaa ubingwa pamoja. Lakini Mailata ana zaidi ya mita mbili na kilo 160. Wewe mama yako ananiambia suruali ya mwaka jana bado inakutosha.

Akacheka. Nikaona bado anangoja.

Basi nikamweleza kuhusu ule wa bendera. Wachezaji ni watano kwa watano, hakuna kugongana. Kila mmoja ana vitambaa viwili kiunoni, na ukimchomolea kimoja ndiyo umemkamata. Oktoba 2023 mchezo huo ulikubaliwa kuingia kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Unahitaji kwotabeki anayeona haraka na kurusha sawasawa, na hauulizi uzito wake. Kuta zake ni chache, hata mtu anayeanza sasa anaweza kuzisoma. Nchini Kenya unachezwa, na kwa Kabazi tunachohitaji ni matambara ishirini, kamba, na uwanja usio na ng'ombe.

Hicho cha mwisho ndicho kigumu. Lakini Jumamosi iliyopita tulianza, wanne kwa watatu, kwa sababu mmoja alitumwa posho mill. Kijana alirusha pasi kumi na nne. Ya tisa nilimwona akiitoa mkononi kabla mdakaji hajageuka, mpira ukamfikia kifuani anageuka. Sikusema kitu. Aliyekuwa akimfuata kumchomoa kitambaa, binti wa kidato cha pili mwenye mbio kuliko sisi wote, alisimama akamwangalia, akasema, "Hii tena siachi ufike hapo." Ya kumi akamfikia.